Paa Lenye Mabonde, Mchezoni na Mvuani

Miaka michache iliyopita jamaa yangu mmoja wa wilaya ya Kyerwa alinionyesha nyumba ambayo mwanawe, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa ameibuni katika mchezo wa kompyuta uitwao The Sims. Ilikuwa na mapaa yaliyoingiliana, na juu ya paa la mbele vilitokeza vidirisha viwili, kila kimoja na kipaa chake. Niliusifu mno mchoro ule. Fundi akaujenga kama ulivyo. Masika yalipoanza, maji yalidondoka juu ya magunia ya maharage.

Mchezo huo ulitoka mwaka 2000. Mbunifu wake, Will Wright, alipata wazo baada ya nyumba yake kuungua katika moto mkubwa wa Oakland, Marekani, mwaka 1991. Mchezaji huvuta kipande cha paa na kukisukuma ndani ya kingine. Kompyuta huficha sehemu zilizozama, na pale nyuso mbili zinapokutana hubaki mstari tu. Wala siudharau mchezo huu, kwa maana humzoesha kijana kuyaona maumbo katika nafsi yake. Lakini mstari ule hauulizwi maji yatapita wapi.

Wazee wa Karagwe walilijibu swali hilo kwa kuliepuka. Nyumba ya msonge, namna ya nyumba za nyasi walizozikuta Speke na Grant kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, ilikuwa na uso mmoja wa mviringo kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Haikuwa na kiungio ambamo maji yangekusanyika. Kila tone lilishuka kwa njia yake, na kwa haraka, kwa sababu mteremko ulikuwa mkali. Nyasi zisizo na mteremko huoza.

Mabati yalileta mapaa ya nyuso bapa, na nyuso bapa hukutana kwa namna mbili. Zikikutana kwa kutokeza nje, twapata mgongo, ambao huyatawanya maji. Zikikutana kwa kuingia ndani, twapata bonde, ambalo huyakusanya. Kidirisha cha paani huleta mabonde mawili, moja kila upande.

Sasa mwanafunzi na achukue kalamu. Tuseme mbawa mbili za nyumba zakutana kwa pembe mraba, na kila paa limeinama nyuzi 30. Ukipanda moja kwa moja toka ukingoni, kila mita 1 ya ulalo hukuinua mita 0.58. Bonde, hata hivyo, hukata kimshazari: kwa kimo kile kile, ulalo wake ni kipeuo cha pili cha 2, yaani mita 1.41. Gawanya 0.58 kwa 1.41, utapata 0.41, ambayo ni tanjenti ya nyuzi 22 hivi. Basi bonde limelala kuliko mapaa yanayolilisha! Na mbao yake ni ndefu zaidi. Ulalo wa paa ukiwa mita 3, mbao ya kawaida ni mita 3.46, hali ya bondeni, kwa kanuni ya Pythagoras, ni kipeuo cha pili cha 21, yaani mita 4.58. Fundi anayekata mbao zote kwa kipimo kimoja atalazimika kuunga, na penye kiungo hicho bonde hulegea.

Tuyapime na maji. Nyuso mbili za paa, kila moja ikifunika meta 20 za eneo, zikinyeshewa milimita 10, hupeleka lita 400 katika mfereji usiozidi upana wa viganja viwili. Majani ya mikaratusi yakiuziba, maji hupanda juu ya ukingo wa bati na kuingia ndani.

Nilipanda darini kwa tochi pamoja na yule kijana. Bati la bondeni lilikuwa jembamba, vipande vyake vimepishana kwa kidole kimoja, na misumari imepigwa katikati ya mfereji, badala ya kupigwa juu ya migongo ya mabati ambako maji hayapiti. Alipima mwenyewe kwa kamba na bomba la maji, akapata nyuzi 21. Fundi alitandika bati pana, lililoingia mbali chini ya mabati ya pande zote mbili, akayapishanisha vizuri. Kidirisha kimoja kiliondolewa. Kingine kipo hadi leo, na kila kabla ya mvua za vuli kijana hupanda na ufagio.