Miji Mingi, Nchi Moja

Msafiri atokaye Duisburg kwenda Dortmund, huko Ujerumani, hupita mji baada ya mji, wala haoni mmoja unapokoma na mwingine unapoanza. Nchi hiyo huitwa Ruhr, nayo ina watu zaidi ya milioni tano. Ni nini kilichowafanya wajihesabu kuwa watu wa nyumba moja?

Zamani ilikuwa nchi ya mashamba. Makaa ya mawe yalipochimbwa kwa wingi, wakaja wafanyakazi kutoka mbali, na wengi wao walikuwa Wakatoliki wa Poland. Kila mji ukajijenga kama upendavyo. Misitu ikakatwa, moshi ukatanda. Ndipo mwaka 1920 sheria ikaunda halmashauri ya miji yote, yenye makao Essen. Kazi yake ilikuwa kulinda misitu iliyobaki kati ya miji na kupanga njia na makao ya watu, bila kujali mpaka wa mji huu au ule.

Lakini mto Emscher uliteseka. Kwa kuwa migodi ilididimiza ardhi, mifereji ya chini haikuweza kudumu. Maji machafu yakapitishwa mtoni, wazi machoni pa watu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: kuusafisha kulichukua kama miaka thelathini, hata mwisho wa 2021, kwa gharama ya zaidi ya euro bilioni tano.

Kanisa nalo liliwasogelea wachimbaji. Mwaka 1958 likaanzishwa jimbo la Essen, kwa sehemu zilizotolewa na majimbo ya Köln, Paderborn na Münster. Dortmund ilibaki chini ya Paderborn. Hata hivyo watu wake ni wa Ruhr vilevile. Basi mpaka wa karatasini pekee haufanyi undugu.

Desemba 2018 mgodi wa mwisho wa makaa ulifungwa, mjini Bottrop. Halmashauri ile, kwa jina jingine, ingali ikifanya kazi. Mwaka 2020 wananchi waliwachagua wajumbe wake wenyewe kwa mara ya kwanza.

Nasi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi twaishi kwa shaba. Shaba nayo ina siku yake ya mwisho. Siku hiyo watoto wetu watauliza: mito i wapi, miti i wapi? Heri tukae pamoja leo, mji na mji, tuwatayarishie jibu.