Sura ya 4: Mlima Mmoja, Karatasi Moja

Anayeingia kidato cha tano na tahasusi yenye Jiografia, kama HGL, EGM au CBG, tayari anajua kuwa Kilimanjaro una mita 5,895 na kwamba Mto Pangani humwaga maji yake Bahari ya Hindi. Hayo peke yake hayamfikishi mbali. Sasa anaulizwa kwa nini: kwa nini watu wamejazana upande huu wa mlima na si ule?

Kilimanjaro wenyewe una jibu. Pepo zenye unyevu kutoka baharini hugonga miteremko ya kusini, hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke hugeuka mvua. Ndiyo maana Marangu, Machame na Kibosho zina vihamba vya migomba na kahawa, nyumba zimesongamana, na Wachaga walichimba mifongo kupeleka maji mashambani. Hewa ikivuka upande wa pili imeshamwaga maji yake, na inaposhuka hupata joto. Amboseli, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, iko kwenye ukavu huo. Sababu moja imeeleza mvua, kilimo na msongamano wa watu kwa mpigo.

Lakini panapowatoa jasho wengi ni usomaji wa ramani. Chukua karatasi ya kipimio cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita moja. Barabara iliyopinda hupimwa kwa uzi, kisha uzi hunyooshwa kwenye rula. Kontua zikijikunja kama herufi V na ncha ikaelekea juu mlimani, hapo ni bonde, hata kama mto haukuchorwa. Ncha ikielekea chini, ni mgongo wa mlima. Tuseme nukta mbili zimeachana sentimita 4, moja iko mita 1,200 na nyingine mita 1,400. Umbali ni mita 2,000, kupanda ni mita 200, basi mteremko ni 1:10. Ukichora mkato wa eneo hilo kwa sentimita moja ya wima kuwa mita 100, kilima kitaonekana kikali mara 5 kuliko kilivyo. Wengi huchora, wakashtukia wamepata mlima wa kutisha, wakafuta kazi iliyokuwa sahihi.

Takwimu na upimaji wa ardhi kwa mnyororo, ambavyo pia vimo kwenye somo, ni suala la mazoezi tu. Anayerudia hesabu zake atazimudu.

Kazi ngumu kwenye ramani ni kutoa ushahidi. Mto uliochorwa kwa vipande vipande ni wa msimu, kwa hiyo kuna kiangazi cha kutosha kuukausha. Shamba la mkonge linaashiria joto na mvua za wastani. Mwanafunzi anayeandika "hali ya hewa ni ya joto" bila kuonyesha alama iliyomwambia hivyo amebahatisha, na msahihishaji anajua. Kwa maoni yangu kipindi kimoja na ramani ya wilaya yao kingewafaa wanafunzi zaidi kuliko lundo la notisi za imla, ingawa mzaliwa wa eneo naye ana mtego wake: karatasi ikiwa ya zamani, ataandika kuhusu soko na lami anavyovijua, ilhali swali linataka kilichochorwa, na pale palipo na soko leo ramani bado inaonyesha msitu.