Samaki Asiyesema, Mashine Inayosema

Kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika anaishi samaki mdogo, urefu wake kama kidole, ambaye wanasayansi humwita Neolamprologus pulcher. Sokoni Nundu au Baraka, kando ya ziwa hilo, hana thamani mbele ya ndagala na migebuka. Ila tukiuliza kama mnyama ana fahamu, yaani kama ndani yake mna kuhisi na kujua, samaki huyu hapaswi kusahaulika.

Huishi kwa ukoo; wadogo huwasaidia wazazi kulinda mayai na mipaka. Kwa maisha hayo, kutomjua jirani ni hatari. Mwaka 2015 Masanori Kohda na wenzake wa Osaka, Japani, walimwonyesha picha zilizochanganywa: uso wa jirani kwenye mwili wa mgeni, na uso wa mgeni kwenye mwili wa jirani. Alipouona uso wa mgeni aliukazia macho kwa muda mrefu zaidi, hata kama mwili ulikuwa wa jirani. Kumtambua jirani kulimchukua chini ya nusu sekunde.

Mbele ya kioo alishindwa: alipotiwa alama mwilini, hakuonyesha kwamba amejitambua. Sokwe walifaulu jaribio hilo mwaka 1970. Mwaka 2019 Kohda alitangaza kwamba samaki msafishaji, anayepatikana pia kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi, alijiona kiooni akiwa na alama kooni, akaenda kujisugua chini. Alama isiyoonekana hakuisugua. Wako wanaobisha, na mimi naona kioo ni kipimo finyu kwa viumbe wenye maisha tofauti namna hii. Hata hivyo, Aprili 2024 wanasayansi wengi walitia saini tamko la New York, wakisema uwezekano wa fahamu kwa samaki ni wa kuzingatiwa.

Na mashine? Mwaka 2022 Blake Lemoine, mhandisi wa Google, alidai programu ya mazungumzo iitwayo LaMDA ina hisia, lakini kampuni ilikataa. Programu za aina hiyo zimejifunza kwa maandishi yetu, ambamo hofu na furaha za watu zimejaa tele. Zikiandika "naogopa", hakuna njaa wala jeraha nyuma ya neno hilo. Kwangu mimi, samaki asiyesema lolote ana hoja nzito zaidi.

Basi ndugu mvuvi, samaki mkubwa anayehangaika mtumbwini huenda anahisi; mmalize upesi.