Gari Kugeuzwa Chumba cha Kulala

Leo twataka kueleza jinsi gari lililofanywa kwa njia mbaya linavyoweza kugeuzwa chumba kidogo cha msafiri, mahali pa kulala, pa kupikia na pa kuwekea chakula. Tutachukua mfano wa Land Rover, gari ambalo wengi wetu twalijua, maana kwa miaka mingi limewachukua madaktari, mabwana shamba na walinzi wa wanyama mahali pasipofikiwa na barabara nzuri.

Gari hilo lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam, mwezi wa Aprili mwaka 1948. Lilitengenezwa Solihull, Uingereza, na bodi yake ilifanywa kwa alumini, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa haba. Katika miaka ya 1960 karakana ya Martin Walter, katika mji wa Folkestone, iligeuza baadhi ya magari hayo ya namna ndefu, yakauzwa kwa jina la Dormobile. Viti vyake vililazwa vikawa kitanda. Paa lake lilifunguka upande mmoja kama kifuniko cha sanduku, na turubai ya mistari ikaziba pembeni, hata mtu akaweza kusimama wima ndani. Watu wanne waliweza kulala humo.

Kazi ya namna hiyo yaweza kufanywa na seremala hodari akisaidiwa na fundi wa magari, lakini yataka fikira kuliko nguvu. Mambo yaitawalayo ni matatu: nafasi, uzito na hewa. Ayasahauye mawili ya kwanza ataharibu gari lake. Alisahauye la tatu aweza kupoteza roho yake.

Kwanza tuitazame nafasi. Katika Land Rover ndefu ya zamani, ikiondolewa viti vya nyuma, sakafu ina urefu wa futi 6 hivi. Na kati ya masanduku yafunikayo magurudumu upana ni futi 3 tu. Basi haiwezekani kutia kitanda, meza na kabati, kila kimoja mahali pake. Sharti kila kitu kifanye kazi mbili. Fundi mwenye busara hujenga sanduku refu kila upande, juu ya magurudumu. Mchana masanduku hayo ni viti, na ndani yake mna vyombo na chakula. Usiku mbao hulazwa kati yake, godoro likatandikwa juu, na kitanda kimekwisha. Kabla ya kukata ubao, yafaa kuchora vipimo hivyo kwa chaki sakafuni mwa nyumba, kisha mwenye gari alale ndani ya mchoro huo. Miguu yake itamwonyesha upesi kama mpango ni mwema.

Misumari haifai katika kazi hii, maana njia mbaya huitikisa mpaka ikang'oka. Masanduku hufungwa kwa bolti, na vibati vipana vya duara huwekwa chini ya nati ili alumini isipasuke. Tena chuma kikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa kidogo kidogo ikawa unga mweupe. Kwa hiyo kati ya madini hayo mawili hutiwa kipande cha mpira au rangi nzito.

Pili ni uzito. Kila gari lina kiasi kilichowekwa na watengenezaji wake, nacho huandikwa katika kitabu cha gari au katika kibati kilichopigiliwa. Hebu tufanye hesabu. Maji lita 60 ni kilo 60. Dizeli lita 80 ni kilo 67 hivi. Watu wawili, tuseme kilo 140. Betri ya pili, kwa ajili ya taa, kilo 25. Jumla ni kilo 292, wala hatujatia ubao hata mmoja! Gari likilemewa, springi huvunjika, breki hazishiki upesi, na matairi hupasuka. Basi kazi ikiisha, gari lipakiwe kila kitu, lipelekwe kwenye mizani.

Mahali pa mzigo nako kuna maana. Wanamaji wa pwani hutia farumi chini kabisa katika jahazi, hawaifungi mlingotini. Vivyo hivyo maji na betri ziwe chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na paani pasiwekwe ila vitu vyepesi. Gari lililojazwa madebe juu ya paa hupita salama katika barabara iliyo sawa, lakini kwenye mteremko wa upande hupinduka.

Tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni hewa. Pumzi za waliolala hugeuka matone juu ya bati baridi, na asubuhi blanketi huwa mbichi. Dawa yake ni matundu mawili, moja chini na moja juu, yasiyofungwa kamwe. Lakini kuna adui aliye mbaya kuliko unyevu. Moto wowote usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu aliyelala hufa bila kuamka. Kwa hiyo jiko la mkaa lisiingizwe garini kabisa, hata likionekana limezimika. Wala injini isiachwe ikinguruma watu wakilala. Hata jiko la gesi litumiwe nje. Mtungi wake ukae katika kisanduku chenye tundu chini lielekealo nje, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni ikingoja cheche.

Sharti hilo si la wenye magari peke yao. Nyumba iliyofungwa madirisha wakati wa baridi, na jiko la mkaa likiwaka ndani, ni sawa na gari hilo. Asiye na gari wala nia ya kuwa nalo, na alichukue neno hili nyumbani kwake usiku huu: jiko litolewe nje kabla ya watu kulala.