Mwanafunzi Msaidizi katika Maabara Isiyo na Kuta

Yamkini mzazi wa Kiomboi au Ikungi, akipata habari kwamba mwanawe anayesoma saikolojia Chuo Kikuu cha Dodoma amepata kazi ya mtafiti msaidizi, atadhani kijana huyo atashinda chumbani penye mitambo. Ilhali kwetu maabara ya elimu hii aghalabu ni kivuli cha mti au kibaraza cha ofisi ya kijiji, na ala yake kuu ya kupimia ni msaidizi mwenyewe, yaani sauti yake, uso wake na subira yake.

Mwaka 1963, huko Marekani, Robert Rosenthal na Kermit Fode waliwagawia wanafunzi 12 panya watano watano wawafunze kuchagua njia, wakawaambia baadhi yao kwamba panya wao ni wa ukoo mwerevu, na wengine kwamba wao wamepewa wazito wa akili, hali panya wote walikuwa wa namna moja. Na walioambiwa wana werevu ndio walioleta matokeo bora, yaelekea kwa kuwa, bila ya kukusudia, waliwashika panya wao kwa upole zaidi. Ikiwa panya huathirika kwa dhana ya anayemshika, sembuse mtoto wa darasa la pili aliyelelewa kuwastahi wakubwa? Susan Rose na Marion Blank walionyesha mwaka 1974 kwamba watoto hujibu vyema zaidi wakiulizwa swali mara moja tu, kwani aulizwaye tena hudhani jibu lake la kwanza lilikuwa kosa. Kwa hiyo msaidizi husoma swali kama lilivyoandikwa, asitabasamu jibu likimpendeza, wala asikunje uso likimchukiza.

Adabu hiyo huhitajika zaidi pale kipimo kinapokuwa chepesi kuathirika. Coren Apicella na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya Wahadzabe, kaumu ambayo mkoani mwetu Singida inaishi Munguli, wilayani Mkalama: mtu alipewa biskuti au kiberiti, kisha akahiarishwa kukibadilisha kwa kingine cha thamani ile ile. Walioishi mbali na masoko na watalii walibadilisha takriban nusu ya mara; waliozoea biashara waling'ang'ania walichopewa. Jicho moja la msaidizi, likielekea kitu kimoja, lingetosha kuiharibu hesabu hiyo, na ndiyo sababu naona ni haki msaidizi asielezwe matarajio ya mtafiti mkuu mpaka kazi ikamilike.

Na ridhaa je? Mgeni akiingia kijijini akifuatana na mtendaji, watu hukubali kwa kudhani wameamriwa. Msaidizi ajuaye Kinyaturu au Kinyiramba huitambua "ndiyo" ya heshima tu, akaeleza upya, kwa utulivu, kwamba kukataa hakuna adhabu. Walakini uenyeji huohuo una hatari yake: shangazi hatamfunulia mpwawe huzuni za nyumba yake, au atamfunulia kisha asilale usingizi, kwa hiyo ni bora kijana wa Ikungi apangiwe Iramba ikiwa lugha anaijua, naye wa Iramba apangiwe Ikungi kwa sharti lilo hilo.