Kodi Hupanda Kabla ya Basi Kufika

Dalali wa nyumba Dar es Salaam hahitaji darasa la uchumi ili ajue thamani ya kituo. Kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Magomeni, akikutafutia chumba na sebule hachelewi kukwambia kwamba kituo cha mabasi ya mwendokasi kiko jirani. Wataalamu wa miji wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi, na waliyoyabaini yanamgusa kila mpangaji wa jiji hili.

Mwaka 1826 Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alieleza kwa nini shamba lililo karibu na soko hukodishwa ghali kuliko la mbali: mkulima wa karibu huokoa gharama ya kusafirisha mazao, na akiba hiyo humezwa na kodi ya shamba. Mwaka 1964 William Alonso alilipeleka wazo hilo mijini. Mkazi wa jiji hulipa kodi ya nyumba, hulipa nauli, na hulipa saa za maisha yake barabarani. Kituo kipya kikizipunguza saa hizo, watu wengi hukimbilia nyumba zilizo jirani nacho. Ardhi haiongezeki wala haihami, kwa hiyo bei hupanda, na sehemu kubwa ya nafuu aliyoipata abiria huishia mkononi mwa mwenye nyumba.

Ushahidi ulio karibu zaidi na hali yetu unatoka Bogotá, Colombia. Mabasi ya TransMilenio yalianza huko mwaka 2000, yakiwa na njia maalumu, vituo katikati ya barabara na tiketi zinazokatwa kabla ya kupanda, kama mwendokasi wetu ulioanza Mei 2016. Daniel Rodríguez na Felipe Targa walipima kodi za nyumba za jiji hilo wakaona kwamba kila dakika tano za ziada za kutembea kwenda kituoni ziliambatana na kodi iliyo chini kwa asilimia 6.8 hadi 9.3.

Kupima jambo hili si rahisi, maana huenda kituo kilijengwa mahali ambapo bei zilikuwa zinapanda tayari. London ilitoa njia ya kulikwepa tatizo hilo. Reli ya Jubilee Line na ile ya Docklands ziliporefushwa kusini mashariki mwa jiji mwishoni mwa miaka ya 1990, Stephen Gibbons na Stephen Machin walilinganisha maeneo yaliyosogezewa kituo na maeneo ambayo umbali wake kutoka kituoni haukubadilika, kabla na baada ya mabadiliko. Bei za nyumba zilizosogezewa kituo zilipanda kwa takriban asilimia 9 zaidi ya zile nyingine.

Matokeo yanayonitia wasiwasi kuliko yote ni ya Chicago. Reli ya kwenda uwanja wa ndege wa Midway ilifunguliwa mwaka 1993, lakini watafiti McDonald na Osuji waligundua kwamba thamani ya viwanja vya makazi vilivyo ndani ya mita 800 hivi kutoka vituoni ilikuwa imeshapanda kwa asilimia 17 kabla ya treni ya kwanza kupita. Matarajio ya mradi peke yake yalitosha. Mpangaji anaweza kudaiwa bei ya kituo wakati bado anagombania daladala, na hapa kwetu, ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ongezeko dogo la mwezi huwa mzigo mkubwa siku ya kulipa.

Ukaribu nao una mipaka yake. Huko Atlanta, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 400 kutoka kituo cha reli ziliuzwa kwa bei ya chini kuliko za mbali kabisa, ilhali zilizokaa umbali wa wastani ziliuzwa ghali zaidi. Kelele, msongamano na hofu ya uhalifu vinaweza kuila faida ya kituo. Ndiyo maana taa, mitaro na njia za waenda kwa miguu ni sehemu ya kituo hata kama ziko nje ya uzio wake.

Kituo kinaweza pia kuondoka. Februari 2021 mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis. Wenye nyumba za wageni, mama lishe na wabeba mizigo waliojenga maisha yao juu ya msafiri wa alfajiri walilazimika kumfuata au kutafuta kazi nyingine.

Hong Kong iliamua kwamba thamani inayozaliwa na reli igharamie reli. Kampuni ya MTR hupewa haki ya kujenga juu ya vituo vyake kwa bei ya ardhi ya kabla ya reli, kisha faida ya majengo hurudi kwenye mradi. Kwetu, tangu 2021, kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, na nyumba ya kawaida hutozwa kiwango kilekile iwe hatua chache kutoka kituo cha Kimara au ndani kabisa ambako hata bajaji hufika kwa taabu. Umma umejenga kituo, na thamani yake imekuwa mali ya wachache.

Katika njia za mwendokasi za Gongo la Mboto na Tegeta, halmashauri zipime thamani ya maeneo yanayozunguka vituo, zitoze kodi kulingana nayo, na fedha hizo zijenge njia za miguu, masoko ya wachuuzi na nyumba za kupanga za bei nafuu palepale. Wapangaji nao waandikishiane mikataba yenye kiwango cha kodi kilichokubaliwa mapema, kabla basi la kwanza halijafika.