Hana hakuwa amelewa

Hana aliomba kwa uchungu, midomo ikitikisika bila sauti, na kuhani Eli akadhani amelewa (1 Sam. 1). Machozi ya mwanamke anayetafuta mtoto ni rahisi kuyahukumu.

Kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, chini ya Mlima Meru, akina Hana wamo makanisani mwetu. Mimba imeharibika, hedhi imevurugika, na kila sherehe wanaulizwa, "Mtoto lini?"

Dada, hujalaaniwa. Mimba ikiharibika, kwa kawaida hedhi hurudi ndani ya wiki 4 hadi 8. Ikichelewa zaidi, nenda Hospitali ya Mount Meru au kituo cha karibu. Ukiona homa, maumivu makali au damu nyingi, nenda siku hiyo hiyo. Huenda ni mabaki ya mimba, maambukizi au homoni, mengi hutibika. Mume naye apimwe, maana tatizo laweza kuwa lake.

Kumwona daktari si kukosa imani, Luka alikuwa tabibu (Kol. 4:14).

Nasi wengine, tumwige Eli alipomsikiliza Hana: aliacha kumkemea, akambariki. Leo tukitoka ibadani, tusimuulize "lini?" Tukae naye, tuombe naye.

Jumapili njema.